Jiwe Jeupe la Ukingoni

Kondele, Kisumu
6 Februari

Mpendwa binti yangu Benta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mdogo Zadock. Natumai joto la Lodwar halijakukausha kama omena, na kwamba wagonjwa wa wodi yako wanakuheshimu inavyostahili mtu wa ukoo wetu. Sisi huku ni wazima. Mama yako mdogo Becky anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado iko kamili. Mimi ni goti la kushoto tu linalolia asubuhi. Daktari alilitazama akasema hajawahi kuona goti la mtu wa miaka hamsini na sita lenye nguvu kama lile, ila linauma.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nne. Nimefurahi kwamba picha yangu umeitundika chumbani kwako na manesi wenzako wanakuja kuitazama. Hilo halikunishangaza. Kutoka Mamboleo mpaka Luanda Kotieno hakuna mtu anayepaka kivuli cha korongo la udongo kama mimi, na hilo silisemi kwa kujisifu, ni vile tu watu wenyewe wanasema. Ila ulipofika kwa dereva wenu wa ambulensi, nikaweka miwani chini. Anasema amezunguka Turkana yote miaka kumi na tisa na korongo hilo halijui. Tena anasema ngamia wa pale kwenye picha ana nundu mabegani badala ya katikati ya mgongo, na wote wakacheka, na wewe ukanitetea mpaka ukakasirika. Sasa unataka wakati wa Pasaka mkodi gari, mwende kulitafuta, ili uketi kwenye lile jiwe jeupe la ukingoni, kwa sababu baba yako aliwahi kukwambia kwamba alisimama ukingoni mwa korongo hilo akinishikia mwavuli.

Kwanza nilianza kukujibu kwamba yule ni ngamia wa aina nyingine, adimu sana, anayepatikana huko juu kabisa ambako dereva wenu hathubutu kufika. Nilikuwa nimeshajaza ukurasa mmoja. Nilikuwa nimefika pale ngamia huyo aliponifukuza. Becky akasoma juu ya bega langu, akaniuliza kwa upole, na wewe unajua upole wa Becky ni wa kuogopwa, kama kweli nitamwacha mtoto wa kaka yangu Dishon azunguke jangwani akitafuta kitu ambacho hakiko. Nikairarua ile karatasi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hucheka, na ukicheka tu mdomo wangu hukimbia mbele. Karatasi haicheki.

Nianze na baba yako. Mimi shule niliiachia darasa la sita, na darasa la sita la enzi zetu lilikuwa kama chuo kikuu cha siku hizi. Nikaja hapa Kondele kwa mzee Walubengo, aliyekuwa akiandika vibao vya kinyozi na bucha. Huyo ndiye alinifundisha rangi za mafuta. Aliniambia kivuli si cheusi. Nitazame mpaka nikione kikiwa buluu, na kama sijakiona buluu basi sijatazama. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimempita, yeye mwenyewe alikiri, ingawa alikiri akiwa amelewa.

Kila Jumamosi baba yako na mimi tulikuwa tunatoka. Mimi nimebeba vibao vidogo vya plaiwudi na kisanduku cha rangi, yeye amebeba mwavuli mkubwa wa kanisa. Mtu asiyejua hufikiri mwavuli ni wa kumkinga mchoraji. La. Ni wa kukinga kibao, kwa sababu jua likikipiga kibao, rangi hung'aa kwa uongo, ukifika nyumbani unakuta umepaka matope. Nje napaka upesi, vivuli kwanza, maana vivuli hutembea. Saa mbili nzima Dishon alisimama bila kubadilisha mkono, akinisimulia vijembe vya watu wa kwaya. Nzi wakiganda kwenye rangi mbichi alikuwa akisema niwaache, ni waumini. Kisha narudi karakana, natandika kitambaa cha amerikani kwenye fremu, na hapo sasa naikuza picha polepole, maana mafuta hukauka kama kesi ya shamba. Dishon alikuwa anakaa juu ya debe la rangi ananitazama. Tangu afe sijaruhusu mtu mwingine kukalia lile debe. Wateja wanasimama.

Picha ya kwanza ilipokauka, akaingia mgeni mmoja nadhifu, akaduwaa, akauliza kama hii ni Turkana. Benta, mimi nilikuwa nimefungua mdomo kusema ukweli. Lakini yule mtu alikuwa tayari anasifu jangwa, ukimya wake, ukuu wake, na mdomo wangu ukasema ndiyo. Nikamtazama baba yako nikijua ataniaibisha. Hakucheka hata kidogo. Akasema tulilala huko siku tatu na fisi akatunyang'anya buti. Mgeni alipoondoka tulicheka mpaka fundi wa jirani akazima mashine ya kuchomelea aje kuuliza nani amekufa. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa majangwa. Simba aliyetulia mbele yangu kama mtu wa kupigwa picha, upepo ulionibeba na kunishusha ng'ambo, vyote vilizaliwa pale juu ya debe, na vingi vilikuwa vya baba yako. Nani angetundika sebuleni shamba la mtu lililoliwa na maji?

Kwa hiyo sikia, binti yangu. Turkana sijawahi kufika. Kaskazini zaidi niliyowahi kufika ni Kitale, nako nilienda matanga. Ngamia wako ni yule fahali mwekundu wa baba yako; nilimvuta shingo tu. Na korongo ni la nyumbani kwetu, Nyakach, nyuma ya boma la babu yako.

Wewe mama yako alirudi nawe kwao Bungoma ukiwa na miaka mitano, na uliporudi kwa mazishi hukutazama nyuma ya ua wa mikonge, nani angetazama siku ile. Tulipokuwa wadogo korongo hilo lilikuwa mfereji tu. Dishon na mimi tuliuruka tukikimbiza mbuzi, yeye akitangulia, akinicheka kwa kusugua viganja kwanza kama mzee kabla ya kuruka. Mwaka mmoja mbuzi wakashindwa kuruka. Mwaka mwingine sisi. Pale palipokuwa na mihogo ya dani, bibi yako, leo kuna shimo unaloweza kuficha ndani yake kanisa pamoja na mnara, na hapa siongezi chumvi, nenda uulize.

Na lile jiwe jeupe unalolipenda ni kaburi la baba yako. Mwaka uliofuata mazishi nililisakafia saruji na kulipaka chokaa mwenyewe. Nilipokuchorea ile picha ya kukuaga sikuweza kulitoa, wala sikuweza kuandika ni nini. Nikaliacha likawa jiwe.

Siku tunamzika, kutoka kaburini mpaka ukingoni zilikuwa hatua mia moja na ishirini. Jumamosi iliyopita nilihesabu kumi na nne. Kila Desemba umeniuliza kama kaburi liko sawa, nikakwambia liko sawa na maua uliyoomba nipande yamechanua. Maua yalishuka na ukingo miaka miwili iliyopita.

Ungeniuliza kwa nini sikusema, ningekuwa na hadithi nyingi nzuri. Ukweli ni huu. Udongo ukimeguka karibuni, ukuta mpya unakuwa mwekundu kwa namna ambayo haipo kwenye chupa yoyote, na kivuli chake kinakuwa buluu kabisa bila hata kukitafuta. Kila baada ya mvua kubwa nilikuwa nakimbia Nyakach kabla rangi haijafifia. Nilikuwa nafurahi, Benta. Nilisimama mgongo kwa kaburi la kaka yangu nikifurahia kitu kinachokuja kulichukua. Hilo sijamwambia hata Becky.

Mwezi uliopita nilivitoa ukutani vibao vyangu vyote vidogo, ishirini na viwili, kila kimoja kina tarehe nyuma, nikavipeleka Nyakach kwa mzee Opiyo na wazee wenzake wa ukoo waliokuwa wakishikilia kwamba korongo limekuwa hivyo tangu zamani. Nikavipanga chini ya ukuta wa kanisa mwaka kwa mwaka. Walitembea kutoka kibao cha kwanza mpaka cha mwisho, kisha mzee Opiyo akarudi mwanzo akatembea tena. Wamekubali Dishon ahamishwe juu, upande wa barabara. Lakini hakuna jembe litakaloinuliwa mpaka mtoto wake asimame pale na kusema neno lake mwenyewe, na mtoto wake ni wewe peke yako. Siku ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Machi mvua ikianza, hatua kumi na nne ni usiku mmoja tu.

Pasaka ni mbali, Benta. Omba ruhusa sasa, wakikunyima nipe jina la mkubwa wako nimwandikie, nina lugha yake.

Wasalimie manesi wenzako, na huyo dereva mwambie ana macho mazuri. Becky anasema atakutandikia kitanda cha dirishani. Najua umekasirika. Usingoje hasira ipoe ndipo upande basi; njoo nayo hivyo hivyo, nitakupokea stendi nikuachie unigombeze njia nzima mpaka Nyakach.

Ni mimi baba yako mdogo,
Zadock Opondo