Jicho Nalo Lina Kifua?

Jumanne. Kusi imeshinda ikirusha mchanga, na leo hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kila mtu amefumba jicho moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nafanana na watu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo za watu na kuzishona tena kabla hawajajua. Ugonjwa wangu nao nimejifundisha hivyohivyo, kwa kufumua maneno ya daktari. Aliponiambia kule Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kwamba nina kifua kikuu cha jicho, nilimuuliza: jicho nalo lina kifua? Hakucheka. Alisema vijidudu vyake husafiri na damu, hutua popote vipendapo, hata kwa mtu asiyekohoa.

Mimi sikukohoa hata siku moja. Ndiyo maana nilichelewa.

Jicho la kushoto lilipoanza wekundu na ukungu, nilitiwa maziwa ya jirani aliyejifungua. Mtoto wake alilia, na alikuwa na haki. Kisha nikanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, maana bibi mmoja alisema nimepigwa jicho. Jicho limepigwa jicho! Nilipofika Pemba, lilikuwa limebaki kuona mwanga wa dirisha tu. Hilo halirudi. La kulia nalo limeanza ukungu, ila linaweza kuokoka.

Linaweza. Neno hilo ndilo ninalomezea vidonge.

Vidonge vinageuza mkojo rangi ya chungwa. Hilo niliambiwa, sikushtuka. Niliambiwa na jingine: mojawapo ya dawa hizo, mara chache, hudhuru macho yenyewe, na huanza kwa kuiba rangi. Kila asubuhi nitazame kitu chekundu. Kikififia, nirudi hospitali upesi.

Basi kila asubuhi nimeitazama leso yangu nyekundu, kanga ile ya harusi ya kaka. Na enfermeira, nesi wetu wa hapa, kila aliponiuliza, nilijibu: nyekundu kama damu.

Wifi yangu Somoe, mke wa kaka huyo, ndiye anayeniletea chakula. Anamwamini daktari kwamba siambukizi, lakini shingo yake haimwamini. Huku kwetu kila mtu anajua macho mekundu hupatikana kwa kutazamana. Kwa hiyo akija, huzungumza na cherehani.

"Wifi, usinitolee macho, nina watoto miye."

"Nitoe mangapi? Limebaki moja."

Leo mchana mteja alikuja kunishukuru kwa blauzi. Uzi wa kijani kwenye kitambaa chekundu, alisema, umependeza mno. Mtindo wa wapi? Nikamwambia wa Pemba. Akaondoka akiringa.

Mimi nilitia uzi mwekundu. Ningeapa.

Nikakaa. Nikaitazama leso. Nyekundu. Lakini najua ni nyekundu tangu siku niliyoinunua. Jicho halikuulizwa kitu. Iliyokuwa ikijibu ni kumbukumbu. Wiki ngapi nimemdanganya nesi bila kujua? Niseme kweli hapa, ambapo hakuna anayenitazama: nilijua kidogo. Rangi ilikuwa imechoka, nikasingizia sabuni. Niliogopa kwamba dawa ikiondolewa, ugonjwa utalimaliza la kulia. Niliogopa pia kwamba nikilitamka, litakuwa kweli.

Somoe alipoleta wali jioni, nilimwomba achukue nyuzi mbili zozote kwenye kopo, anioneshe mmoja mmoja, asiseme neno.

"Mchezo gani tena huu, wifi?"

"Nioneshe tu."

Akainua wa kwanza. Nikasema kahawia. Akainua wa pili. Kahawia.

 

Kisha akazitupa nyuzi, akaja, akaushika uso wangu kwa mikono miwili na kunitazama ndani ya jicho. Karibu kabisa, pumzi kwa pumzi.

"Wifi yangu," alisema, "mmoja mwekundu. Mmoja kijani."

Miezi yote nilitaka mtu anitazame. Sikujua ingekuwa kwa hili.

Asubuhi tunakwenda hospitali, na nitasema yote, hata la sabuni. Sijui watanipa dawa gani badala yake. Daktari alisema rangi huweza kurudi mtu akiwahi, na mimi kuwahi sijawahi.

Nimemwomba Somoe atangulie njiani, ajifunge ile leso yangu ya harusi yake. Mimi nitaifuata nyuma, ya kahawia.