Mama Mkwe Anachoma Pori, Mimi Nakula Panya

Shangazi Faudhia, shikamoo. Niokoe kabla sijaumbuka. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kuzuia moto kijijini kwetu, jirani na Chiwata, na kila kiangazi nazunguka na kipaza sauti nikitangaza kwamba atakayechoma pori atanitambua, kumbe mchomaji ni mama mkwe wangu, anawasha moto ili panya watoke, wale tunaowaita samaki nchanga, halafu anawabanika na kuniletea mimi mkwe wake kipenzi, na mimi, Shangazi, nakula, tena natafuna mpaka mkia, maana kwetu mkwe hakatai chakula cha mama mkwe wala hamkemei, hata kumtazama usoni ni kazi, sasa juzi moto ulifika mpakani mwa mikorosho yetu na moshi ukajaa nyumbani, binti yangu Nuria, ana pumu, akahangaika kupumua mpaka midomo ikabadilika rangi, tukakimbizana naye zahanati, na Jumamosi kuna mkutano, wanataka nimtaje mchomaji. Nikimtaja, mke wangu Sophia ataondoka. Nisipomtaja, mwanangu atakosa pumzi. Nifanyeje?

Bartholomayo

Marahaba, Mwenyekiti wa Mikia! Pole sana kwa Nuria, hapo nimeumia kweli. Lakini wewe, loo! Wenzako unawapa makelele, wewe unapokea kitoweo! Unamwogopa mama mkwe, au unaogopa kukosa mboga?

Kumkemea huwezi, sawa, heshima ni heshima. Lakini Sophia si mwanawe? Mtume leo, aende na Nuria, bibi amwone mjukuu anavyokohoa. Panya wanachimbwa kwa jembe na kutegwa kwa mitego, mama analijua hilo kuliko wewe. Akileta tena panya wa moto, Sophia awarudishe. Atanuna. Mwacheni anune.

Jumamosi jitaje wewe kwanza: ulijua, ukanyamaza, ukala. Watacheka, wacheke; jina la mchomaji waambie familia inalimaliza nyumbani. Wakimaliza, shikeni majembe mlime barabara ya kuzuia moto kuzunguka mikorosho, majani makavu yote yaondoke.

Siku ya moshi fungeni madirisha, msipike kwa kuni ndani, Nuria asitoke kucheza. Kitambaa chenye maji usikitegemee, ulizia barakoa nene zinazobana uso. Dawa yake ya kuvuta isikosekane nyumbani. Na akishindwa hata kuongea kwa kukosa pumzi, mpe dawa hiyo na umkimbize hospitali hapohapo, hata akuone nani, hata akasirike nani. Aibu zako zitasubiri.