Papa, Masika Anasoma Maneno ya Mbweha

Papa yangu,

Yule mbweha amerudi. Najua ungeuliza ni mbweha gani, kwa hiyo nikukumbushe: yule mwembamba wa kwenye dessin animé, zile katuni za Jumamosi, aliyemfukuza bata mnene tangu mwanzo hadi mwisho na kuishia kujigonga kwa nyundo yake mwenyewe. Wamemchora upya. Siku hizi rangi zake zinameremeta, na bata ana simu. Wanangu wanaipenda mno. Kila muziki wake unapoanza mimi huacha ninachokifanya, nikaja kusimama mlangoni, nikakufikiria wewe.

Si kwamba ulikuwa ukiitazama. Televisheni uliinunua kwa ajili ya habari na mpira, na ulituambia hivyo siku ile ile ulipoileta hapa Kabondo, umeifunga nyuma ya baiskeli kwa vipande vya tyubu. Jumamosi asubuhi ndiyo uliyotuachia sisi watoto. Wewe ulikaa uani na magurudumu ya wateja wako, ukinyoosha spoki, huku salon, sebule yetu, ikijaa watoto wa majirani. Dessin animé zile hazikuwa na neno hata moja. Ni muziki tu, watu kuanguka na ngazi kuvunjika. Kwa sababu hiyo, kwa nusu saa ile, Masika alikuwa sawa na sisi wote.

Unajua jinsi dada yangu alivyopoteza masikio yake kwa homa akiwa na miaka mitatu. Siku nyingine tulizungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Lakini Jumamosi yeye ndiye aliyecheka kabla yetu, kwa kuwa aliiona ngazi ikianza kutikisika sisi tukiwa bado tunamwangalia mbweha.

Papa, niruhusu niseme na lile lisilopendeza, maana bila hilo shukrani yangu haitakuwa na uzito. Masista walipofungua darasa la watoto viziwi, mama alikuomba umpeleke Masika. Ulikuwa unakula. Hukuinua macho kwenye sahani.

“Ataenda kusikia nini kule? Akae hapa, asaidie mama yake.”

“Huyu mutoto iko na mayele,” mama akasema. “Ni weye hauangalie.”

“Mayele gani? Haiko na kitu mu kichwa. Bon, imeisha.”

Masika alikuwa ameketi kati yenu akichambua majani ya pondu. Alikutazama mdomo, akamtazama mama machoni, kisha akaendelea kuchambua. Nilikuwa na miaka minane, nami nilikuchukia kwa siku nyingi. Sikuwahi kukuambia.

Ikaja ile Jumamosi. Mbweha alikuwa ameshapanda juu ya paa na jiwe kubwa kuliko yeye, bata yuko chini anaoga, mara courant ikakatika, televisheni ikazimika. Watoto wote wakapiga kelele kama wamechomwa. Ukatufokea tutoke nje, tukatoka, tukajipanga ukutani tumenuna.

Masika akasimama katikati ya uwanja. Hakuna aliyemwomba. Akavuta mashavu ndani, akawa mbweha. Akabeba jiwe ambalo halikuwepo, magoti yakimtetemeka, akapanda ngazi ambayo haikuwepo. Halafu akageuka, akatoa tumbo, akawa bata anayejisugua mgongo. Alianza tangu mwanzo wa kisa bila kuruka chochote. Tulikuwa tunacheka hadi wengine wanalala chini. Alipofika pale umeme ulipokatika, hakusimama. Jiwe likaanguka, likadunda kwenye tumbo la bata, likarudi juu, likamkuta mbweha akichungulia. Mbweha akapepesuka, akainama kwa heshima kama msimamizi wa harusi, akaporomoka.

Nikasikia spana ikianguka. Ulikuwa umesimama, Papa, gurudumu limelala miguuni pako.

“Ile mwisho aliona wapi?” ukaniuliza. “Courant si ilikatika?”

“Hakuiona, papa. Anatengeneza yeye mwenyewe.”

“Yeye mwenyewe? Mu kichwa yake?”

“Ndiyo, papa.”

Ulimwangalia Masika kwa muda mrefu, naye alikuwa anahema, anasubiri, hajui kama amekosa. Kisha ukaokota gurudumu ukakaa. Lakini hukushika spoki hata moja tena asubuhi ile.

Jumatatu ulinyoa ndevu. Ulimwonyesha Masika viatu vyake vya kanisani, ukampakia kwenye baiskeli, mama na mimi tukawafuata kwa miguu. Tulifika wakati unamwambia sista mlangoni, kofia ikiwa mkononi:

“Ma sœur, nilikuwa nasema mutoto wangu haiko na kitu mu kichwa. Nilikosa. Mumupokee.”

Sijawahi kusikia mwanaume wa rika lako akisema “nilikosa” mbele ya mke wake na binti zake. Mama aligeukia ukuta akajifuta kwa kitenge. Chuki yangu iliisha pale pale, na nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikujua niweke nini mahali pake.

Halafu ulijitahidi kujifunza lugha ya mikono, wewe na vidole vyako vigumu vya grisi. Ulimwambia Masika mbele ya wageni alete mbuzi wa moto badala ya chai ya moto. Alicheka hadi akakaa chini, nawe ukacheka naye. Ulirudia kosa lile miaka mingi, na nadhani mara nyingine ulifanya kusudi.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumapili iliyopita. Masika alikuja kutusalimia baada ya misa. Watoto walikuwa wameweka dessin animé mpya kutoka kwenye clé USB. Moyo wangu ukashtuka, kwa sababu katika hii mpya mbweha na bata wanaongea. Wanaongea Kifaransa, wanaongea bila kupumzika, na nusu ya utani uko kwenye maneno. Nikawaza: hata mbweha sasa amemfungia mlango.

Nikakaa kando yake nikaanza kumtafsiria kwa mikono. Mbweha anasema hivi, bata anajibu vile. Nilikuwa nachelewa, najikwaa. Masika akaishika mikono yangu, akaishusha taratibu mapajani pangu. Akaniashiria chini ya kioo cha televisheni. Maneno yote yalikuwa yameandikwa pale, na alikuwa anayasoma. Papa, anasoma upesi kuliko mimi! Utani ulipokuja, alicheka kwanza, watoto wakafuata, na mimi nikaja wa mwisho, nikiwa bado katikati ya mstari.

Nilienda jikoni nikalia kidogo. Nilikuwa nakumbuka mlango wa masista na kofia yako mkononi. Ungekuwa mtu wa kung'ang'ania neno lake, kama wengi tunaowajua, dada yangu angekaa mbele ya kioo kile akitazama midomo inayochezacheza, asijue kwa nini watu wanacheka. Asante kwa kuangalia siku ile. Asante zaidi kwa kukubali ulichokiona.

Mama yuko mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Kaburi lako tulilipalilia. Pumzika kwa amani, Papa.

Ni mimi binti yako mdogo,
Kavira

Nilitaka kuishia hapo, lakini Masika alikuwa akisoma nyuma ya bega langu, na amechukua kalamu. Haya yanayofuata ni mwandiko wake:

Papa, ni mimi Masika. Mimi ni mwalimu sasa, kwa masista. Watoto wangu ni kumi na wanane, hakuna anayesikia. Kila mmoja anajua kuandika jina la baba yake.