Nyuki Wameambiwa, Kalume

Kalume, sahibu yangu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia, kabla ya salamu na kabla ya jambo lingine lolote, kwamba mbuzi wa jirani yetu Mwana Zubeda amekula kofia yangu ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono. Tukio hili zito lilitokea Ijumaa, nilipokuwa natawadha. Msikiti mzima umearifiwa. Watu wa Frere Town wamearifiwa. Hata mvuvi mmoja wa Jomvu Kuu, ambaye jina lake silijui, alinisimamisha njiani akanipa pole. Mbuzi kala kofia, na kabla ya magharibi kila kiumbe anajua.

Wewe umekufa, na hakuna aliyetuambia.

Haya, nimelisema. Nilitaka nikuchekeshe kwanza, ndiyo desturi yetu, lakini hasira haingoji zamu.

Unakumbuka jioni zetu kibarazani? Mimi na cherehani yangu, wewe unarudi kutoka jikoni kwa Bwana kule Nyali, unanuka vitunguu. "Fundi Tumbo, jivute, tumbo hilo limekalia nafasi ya watu watatu." Ukishakaa, unatupa habari za Devoni. Maana Bwana wako, tangu alipoacha mashamba ya bara, alikuwa na kazi moja tu: kuandika kitabu cha jimbo lao huko Uingereza, aliyoyaona yeye utotoni na waliyoyaona babu zake. Mke hana, na Wazungu wenzake wakimwona na yale makaratasi hukumbuka shughuli zao. Akabaki kumsomea mpishi. Wewe umesimama na sinia mkononi, mafuta yanaganda kwenye sahani, yeye anasoma na kukufasiria kwa Kiswahili chake kilichoteguka mguu.

Basi sisi wa Kisauni tukaijua Devoni kuliko tunavyoijua Mikindani. Udongo mwekundu, ng'ombe wekundu, mnara wa kanisa uliopinda. Tulimjua mjomba wa Bwana aliyetumbukia kwenye pipa la pombe ya matofaha, akaopolewa akiimba. Hadi leo Mwana Zubeda akisikia mjukuu analia humwambia, "Nyamaza wewe, mjomba wa Devoni alizama na hakulia!"

Na nyuki. Kwao, ulitwambia, mwenye nyumba akifa, mtu hutumwa mzingani upesi. Hugonga kwa ufunguo wa nyumba, akasema, "Mwenye nyumba amefariki," kisha hufunga kitambaa cheusi. Nyuki wasipoambiwa huona wamedharauliwa, wakahama. Wewe mwenye mizinga juu ya mkorosho hukulicheka jambo hili. Ulisema, "Hawa watu kumbe adabu wanayo." Ukanigeukia: "Nikifa, Fundi, utapanda wewe." Nikakujibu kwamba nikipanda mimi, mkorosho utatangulia kufa.

Kisha Bwana akakuchukua kwenda bara, kwa rafiki zake huko Molo, wakati wa kipupwe. Hukuwa mgeni wa safari hizo. Mkeo Kadzo akawa anakuwekea papa mkavu unayempenda.

Siku moja akaja mtu simjui, kifurushi kwapani. Kanzu. "Bwana kasema uipunguze urefu, mimi mfupi." Nikaikunjua. Kalume, mshono wangu naujua kama sauti ya mama yangu. Kwapa la kushoto limekwenda upande, kwa sababu siku ile nakupima ulikuwa umeinua mkono unamuigiza mjomba ndani ya pipa. Nikamwambia, "Kanzu hii ina mwenyewe." Akanitazama kwa huruma, maskini, hana kosa. "Mwenyewe alifariki Molo. Kichomi. Wamemzika huko huko. Kwani hamkuambiwa?"

Hamkuambiwa!

Bwana alikuwa amesharudi. Amelala, ameamka, amekunywa chai, ametafuta mpishi, na amekumbuka kwamba kanzu itakuwa ndefu. Hayo yote aliyakumbuka. Aliyemwambia mkeo kuwa ni mjane ni mimi, mshona nguo, kwa sababu mpishi mpya ni mfupi.

Sasa huku kibarazani wanasema nilikwenda Nyali nikamngurumia Bwana mpaka akalia. Usiwaamini. Wanijua, mimi hata mbuzi nilimwomba kofia yangu kwa upole. Yaliyokuwa ni haya.

Nilisimama nyuma ya nyumba yake, mlango wa lile jiko ulilokuwa ukipikia. Akatoka na makaratasi yake mkononi. Njia nzima nilikuwa nimepanga matusi, ya bara na ya pwani, lakini nilimuuliza moja tu: "Bwana, kwenu nyuki huambiwa. Mbona sisi hatukuambiwa?"

Akawa mwekundu kama udongo wao. Akasema, "Sikujua kwamba alikuwa na mtu."

Miaka yote hiyo, Kalume! Sisi tunamjua mjomba wake, na pipa lake, na wimbo wake. Na moshi wa jiko la Kadzo unaonekana kutoka pale anapoandikia. Matusi yote yalinikauka. Nikamwambia, "Alikuwa na mke. Jina lake Kadzo. Sema." Akalisema, vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaondoka, na sijapoa mpaka leo.

Kisha nikachukua ufunguo wa kufuli ya Kadzo na kipande cheusi cha buibui lake, nikapanda ngazi mkoroshoni. Nikagonga. "Mwenye nyumba amefariki. Kalume. Alifia ugenini, na hakuna aliyemshika mkono." Wanasema nyuki walinyamaza kwa majonzi. Uongo. Waliniuma mdomo na sikio, ngazi ikavunjika, nikaanguka kama gunia la nazi. Kadzo akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikamwacha alie. Nyuki hawajahama.

Vita vimekwisha, askari wamerudi makwao, gari la moshi sasa lina nafasi. Mahindi yakishavunwa, mimi na Kadzo tunakuja Molo kukutafuta. Ukisikia mtu anahema mlimani, ndimi, jivute unipishe nikae. Tutakuletea kanzu yako. Imefuliwa, na urefu wake ni ule ule.

Lala salama, ndugu yangu. Mola akurehemu.

Fundi Tumbo wako