Mdomo wa Kukodi

Tarehe 9, mwezi wa nne,
mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wajukuu. Natumaini goti lako limetulia tangu uache kupanda ngazi za ile zahanati, ingawa najua wajawazito sasa wanakufuata nyumbani, maana mkunga hastaafu, hubadilisha mlango tu. Mimi ni mzima. Mwaka huu meno mawili yamenihama, nayo, kama mimi enzi zile, hayaandiki barua.

Barua yako ya mwisho nimeirudia mara nyingi. Umesema chumba cha uani kimekwisha, dirisha linatazama mashariki, na shemeji ameapa kwamba nisipofika kabla ya mvua atakijaza mifuko ya saruji iliyobaki. Umeniuliza swali moja tu, kwamba nakuja lini. Nitalijibu, lakini niruhusu kwanza nikueleze lililotokea kazini, kwa sababu jibu limo humo.

Kazi yangu unaijua. Nakaa mahakamani kando ya mtu asiyejua lugha ya hapa na kumsemea. Ambalo huenda sikuwahi kukueleza ni kwamba mkalimani hasemi "mtu huyu anadai kwamba". Akisema aliyeshtakiwa "niliiba", nami husema niliiba. Kwa mdomo huu nimekwisha kuchoma ghala, kutelekeza watoto na kuomba talaka nisizozihitaji, na mchana nikala chakula changu kwa amani. Kinyozi, yule mtu wa kwetu anayenikata nywele, husema mimi ni mdomo wa kukodi, na mdomo wa kukodi hauna ndugu.

Mwezi uliopita nilipewa kesi ya afisa wa polisi wa zamani kutoka kwetu. Alikuja huku akijiita mkimbizi, akaishi kimya akilinda ghala la samani, mpaka mtu akamtambua kwenye foleni ya duka la dawa. Sheria ya hapa inaruhusu mtu ashtakiwe kwa mauaji aliyoyafanya kwingine akiwa na sare. Mkalimani hapewi jalada. Huambiwa jina la mshtakiwa na aina ya kosa, kisha huulizwa kama ana undugu na yeyote anayehusika. Nililitazama lile jina, halikunigusa popote. Nikajibu sina.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa la watu wa mtaa wetu. Nani kwetu aliwahi kumjua askari kwa jina la kitambulisho? Mkuu wa kituo chetu tulimwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi akikagua vijana wake, tukaona inatosha. Nimemchukia mtu miaka yote hii na jina lake sikulijua. Uso nao haukunisaidia. Niliyekaa naye alikuwa mzee mnene, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, aliyenishukuru kila nilipomsogezea maji.

Asubuhi yote ilikwenda kwa maswali ya mafunzo na vyeo. Nilikuwa kuruta, nikawa koplo, nikawa mkuu wa kituo. Alasiri mwendesha mashtaka, mama mmoja mrefu asiyepandisha sauti, akamwuliza juu ya siku watu walipokusanyika mbele ya kituo kudai wachukuzi waliokamatwa sokoni. Akataka kujua pia raia walimwitaje. Akasema Mluzi, akacheka kidogo. Nami nikasema kwamba waliniita Mluzi. Kicheko hatukitafsiri.

Hapo nilipaswa kuinua mkono nijitoe. Lakini tuna kanuni ya kutomkata mtu katikati ya jibu, na jibu lake lilikuwa limekwisha kuanza. Alieleza kwamba askari wake waliwafukuza watu kuelekea sokoni, akabaki yeye langoni, na kijana mmoja amesimama na baiskeli, mkononi ana chuma kirefu. Wewe unajua ilikuwa baiskeli ya nani. Ilikuwa ya karani wa kituo hichohicho, kitindamimba wetu ameitengeneza na anairudisha, na kile chuma kilikuwa pampu. Siku zote polisi wamesema alikuwa ameinua silaha. Mluzi akaendelea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nilimwamuru aweke chini. Akaweka. Nikapiga.

Nikayasema hayo kwa mdomo wangu, mdogo wangu. Nilimwamuru aweke chini. Akaweka. Nikapiga.

Nadhani Mluzi mwenyewe hakujua alichokisema. Aliyejua ni wakili wake, maana aliangusha kalamu na hakuiokota.

Jaji akatoa mapumziko. Nje, kando ya mashine ya chai, mama yule alinishika bega, jambo ambalo si desturi yake, akasema nimefanya kazi nzuri. Nikamwambia kwamba marehemu ni mdogo wangu, na kwamba siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yake, penye ukuta wa posta. Akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema bado. Hakuniomba ninyamaze, na nataka umtendee haki kwa hilo. Alinieleza tu, kama anayesoma ratiba ya treni, kwamba mkalimani mwenye undugu hubatilisha kila kilichopita kinywani mwake, na kwamba Mluzi hatakosea mara ya pili.

Nilimpigia kinyozi simu. Akaniuliza kama kuna neno hata moja nililolipotosha. Nikamwambia hakuna. Basi tulia, mzee, akasema, ng'ombe amekwisha kuingia zizini, sasa wewe unataka kumfungulia kwa sababu mlango umefungwa na ndugu wa mwenye zizi? Nilicheka. Ana akili yule bwana. Lakini nilichokuwa nacho kichwani ni sura ya mtu mmoja langoni, aliyeamua peke yake kwamba kanuni haimhusu.

Tuliporudi ndani niliinua mkono. Nikasema mimi na kumaanisha mimi, kwa mara ya kwanza katika chumba kile, kwamba ni kaka wa marehemu. Jaji akaifuta siku nzima. Lile "akaweka" limefutwa pamoja na mengine, na kesi itasikilizwa upya na mkalimani mwingine. Mluzi akageuka kunitazama. Akaniuliza kwa lugha yetu, kwa adabu kabisa, kama mimi ndiye yule mwalimu aliyekuwa penye ukuta wa posta. Sikuwa kazini tena. Nikachukua koti langu nikatoka.

Najua utakasirika. Umelisubiri neno lile tangu tulipomzika, likapatikana, nami nimeliachia. Kasirika, ni haki yako, lakini sikia na lililobaki. Nimekubali kutoa ushahidi. Mama yule alinipa nafasi ya kusema nyuma ya pazia, kwa jina la kubuni, nikakataa. Watu walipokwisha kufukuzwa tulibaki watatu pale. Mmoja amezikwa na mmoja ameshtakiwa. Jina la kubuni lingemficha nani? Vijana wa Mluzi wa siku zile ndio wakubwa wa polisi leo, na mmoja, umeniandikia mwenyewe, ndiye kamanda wa mkoa wenu. Ninyi hamkuona kitu, na wao wanalijua hilo, hawana sababu ya kuwagusa. Mimi niliona. Uliponisindikiza kituo cha mabasi ulisema msiba mmoja unatosha, na bado naona ulisema kweli.

Wasalimie wajukuu, hasa yule anayesomea uuguzi. Chumba kile mpe yeye, dirisha la mashariki linamfaa msomaji. Shemeji mwambie nimeisikia ahadi yake. Kinyozi anakusalimu. Amenuna, ila amesema nipite kwake kabla ya siku ya kesi, asije mtu wa kwetu akasimama mbele ya jaji na nywele za namna hii.

Uliniuliza nakuja lini. Sitarudi.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu.