Chumba cha Mama Katika Jedwali Lako

Bondeni,
S.L.P. 3187,
Nakuru.
14 Septemba 2008

Mpendwa kaka Makhanu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, Wangui na mtoto hamjambo, na baridi ya huko Leeds bado haijaanza kuwatesa. Sisi tu wazima. Mvua imenyesha, goti la ndugu yetu Nyongesa limepona, na mama yako, Mama Mkubwa, amerudi Ndabibi kupanda viazi.

Nimekujulia hali kwa sababu nililelewa vizuri. Sasa nitasema kilichonifanya nishike kalamu, maana barua pepe ungeifuta kabla hujafika katikati. Nimekasirika, Makhanu. Nimekasirika tangu Jumanne, hata ugali ninaupika ukiwa na mabonge.

Ule ukurasa wa familia uliotutengenezea kwenye mtandao tuliungoja kwa hamu. Ulisema watu wetu waliotawanyika mwaka huu wataonana humo, na Desemba tukimjengea Baba kaburi kila mgeni atapewa nakala. Nikaenda kwa Tarun, yule mwenye cyber karibu na soko, akanichapishia. Nikampelekea Mama huku najivuna.

Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya jedwali, akashuka nacho mstari kwa mstari mpaka chini. Akarudi juu, akashuka tena. Jina la Baba lipo. La Mama Mkubwa lipo. Watoto wote tupo, mimi na Nyongesa tukiwa pamoja nanyi kando ya jina la mama yako, kana kwamba ndiye aliyetuzaa. Jina la Mama halipo. Alikunja ile karatasi akasema, "Kumbe mimi nilikuwa mpangaji tu."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikwenda kuanika nguo, na jioni akaniambia kwamba kwenye kaburi la mume wake hatakuja, wageni hawana haja ya kumwona mpangaji.

Nyongesa alipokupigia simu ulimjibu ni mambo ya code, yale maandishi ya ndani ya ukurasa, eti jedwali lilikuwa linapinda ukiweka wake wawili, ndiyo ukaunganisha vyumba vya majina. Nikarudi kwa Tarun. Alinifungulia ukurasa kwa upande wa ndani akanielekeza: tr inafungua mstari, td inafungua chumba ndani ya mstari, na kuna neno rowspan, linalokiamuru chumba kimoja kirefuke kimeze nafasi za mistari iliyo chini yake. Neno hilo lipo kwenye chumba cha mama yako. Tarun hajui shida yetu wala hana upande. Alisema tu, "Hii haikujileta, madam. Mtu ameiandika."

Basi tuongee habari ya vyumba. Ulipokuwa shule ya upili hapa Nakuru ulilala kwa nani? Nyumba ya kanjo, ya baraza la mji, chumba kimoja na jiko, na Mama akatundika shuka katikati ili upate pa kusomea. Na Januari, wakati wa ghasia za uchaguzi, Mama Mkubwa alipokimbia kutoka Ndabibi na nguo alizovaa tu, aligonga mlango wa nani? Mama alimwachia kitanda, akalala nami sakafuni mpaka hali ilipotulia. Hatukumsikia akisema nyumba itapinda. Wewe ulikuwa na ukurasa mzima, ukakosa kisanduku cha upana wa vidole viwili.

Wala usijifiche nyuma ya mama yako. Nilipomsimulia kwa simu aliuliza ni nani aliyekutuma. Ukiwa na jibu, mpigie yeye.

Kwa hiyo nimeingia mwenyewe, kwa ile password uliyonipa ya kuwekea picha. Mara ya kwanza nilisahau kufunga mstari, ukoo wote ukarundikana ubavuni mwa jina lako. Nikauacha hivyo, nikanywa chai yangu polepole. Baadaye Tarun alinisaidia kuunyoosha. Sasa Nabalayo, mama yangu, ana mstari wake, na mimi na Nyongesa tumehamia kwake.

Imebaki ile safu ya mwisho, uliyoweka ya kueleza kila mtu ni nani kwako. Chumba cha Mama katika safu hiyo sikukijaza. Tarun aliniambia chumba kitupu hupoteza kuta zake, macho yakapita tu, kwa hiyo akanipa alama ya kutia ndani ili kuta zionekane hata kama hakuna neno. Nimeitia. Kila anayefungua ukurasa anakiona kile chumba, na anaona hakina kitu. Mama pia amekiona. Amesema mambo ya Desemba atayaamua baada ya wewe kuandika.

Nyongesa anakusalimu, na jirani zetu wa mlango wa pili pia. Mama hajatuma salamu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umwambie Wangui sina ugomvi naye. Mungu akulinde njiani na kazini, na usingizi mtamu akupe ukishajaza kile chumba, si kabla.

Ni maneno mawili tu, Makhanu: Mama Mdogo. Ulikuwa ukiyajua vizuri ulipokuwa na njaa.

Akupendaye, na ndiyo maana amekasirika,
dada yako,
Nerima