Sauti Uliyoniambia Niitunze

Majengo,
Kwa Bwana Firoz, Fundi Redio,
Sanduku la Posta 61,
Dodoma, Tanganyika.
5 Oktoba 1958

Kaka yangu mpendwa Shaaban,

Asalaam alaykum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la mgodini ulichokitaja mwezi wa saba kiwe kimekuachia. Huku tu hai sote. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua asubuhi kabla jua halijapanda. Upepo wa mwaka huu umekuwa mkali, mchanga unaingia hata kwenye sufuria zilizofunikwa. Uwele tuliovuna unaelekea kwisha, lakini hatujalala na njaa.

Umeniandikia mara mbili na sikujibu. Barua hazikupotea. Zote zilifika, nikazisoma, nikaziweka chini ya mto. Niliogopa kukuandikia, na hata sasa mkono wangu si mwepesi. Afadhali nikuambie mara moja, usije ukasikia kwa mtu wa Kondoa anayepita huko. Kaka, nimefanya ulilonikataza. Nimepasuliwa rovu la shingoni. Nakuomba usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Simu yako ya maandishi ilifika tarehe 12 Julai. USIKUBALI KISU. SAUTI NI AMANA YA BABA. Mama aliniomba nimsomee mara mbili. Baada yake ikaja barua yako ya kurasa nne. Ulinikumbusha kwamba marehemu Baba alinifundisha mimi kaswida zake zote tatu, si wewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na sauti, na kwamba nikinyamaza mimi zimekufa. Maneno yale yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Tangu mume wangu afariki, wewe ndiye uliyesimama mahali pa Baba. Nikakutii. Nilirudi kwa daktari nikamwambia ndugu yangu hakuridhia.

Daktari hakukasirika. Alikuwa amekwisha kunieleza mwezi wa sita kwamba rovu limeota kwa ndani na linabana njia ya hewa, na kwamba mshipa wa sauti unapita papo hapo. Alisema, "Pumzi naweza kukuahidi. Sauti siwezi." Siku ile aliandika kidogo katika kitabu chake, akaniambia nirudi siku nitakayoshindwa kulala chali.

Hapo ndipo nilipokukosea kweli, kaka. Nilikuwa nimeshindwa kulala chali tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nalala nimekaa, mgongo kwenye gunia la uwele. Sikukuandikia hilo, na daktari sikumwambia. Mama alifikiri nakaa hivyo kwa sababu ya kifua.

Sasa nikueleze habari ya ule utepe, maana ndio uliogeuza mambo.

Bibi Bilkis, mama yake Firoz, unamkumbuka. Ndiye ninayemshonea nguo tangu nihamie Dodoma. Naye huimba katika mikutano ya wanawake wa jamaa zao, na ana sikio. Nilipomwonyesha simu yako, alikata uzi, kisha akasema mwanawe amenunua mashine ya kunasa sauti, ile yenye magurudumu mawili na utepe wa rangi ya kahawia. "Tuiweke sauti yako humo ingali nzima," akasema. "Ndugu yako atakuwa nayo, na wewe utapumzika moyo." Nikakumbuka uliniandikia kwamba klabu yenu ya wafanyakazi inayo mashine kama hiyo. Nikaona nimepata njia. Nitakutumia sauti, nitaendelea kukaa na rovu langu, na wewe hutakuwa na neno.

Nilidhani kunasa sauti ni kusimama na kuimba tu. Firoz alinicheka. Mashine, alisema, haichagui, inachukua kila kitu. Tulisimamisha magodoro dirishani, tukatundika mablanketi kwenye kamba pembe mbili za sebule. Saa ya ukutani ikapelekwa jikoni, na jogoo wao akahamishiwa kwa jirani. Tukapanga saa nne ya Ijumaa tarehe 8 Agosti, gari moshi la asubuhi likiwa limekwisha kupita na mabati yakiwa bado hayajaanza kulia kwa jua.

Likabaki jambo la Mzee Vithaldas. Mashine yake ya kusaga iko nyuma ya ukuta wa Firoz na ikinguruma vikombe vinatikisika kabatini. Alikataa. "Nikizima saa nzima, hawa wanawake watapeleka mahindi kwingine," alisema. Bibi Bilkis hakubishana naye. Alitoka mwenyewe hadi kwenye foleni, akawaeleza wanawake kuna mgonjwa anayetaka kuimba, sauti yake imfikie kaka yake aliye mbali. Wakaweka madebe yao chini, wakakaa ukutani. Mzee Vithaldas aliwatazama, akaingia ndani, akazima.

Bibi Bilkis alinipa maji ya uvuguvugu na kunitaka nivume kwanza mdomo ukiwa umefumbwa, sauti ipate moto polepole. Aliniweka mbali na maikrofoni kiasi cha shubiri moja na nusu. Nisipaze kama niko uwanjani, niimbe kama ninayemwimbia mtoto aliye kifuani. Ikifika sauti ya juu nigeuze uso upande kidogo, na herufi za kupuliza nizipeleke pembeni zisipige kama kofi. Habari ya pumzi hakunifundisha, nilimwambia hiyo ninayo. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiniwekea kikombe cha bati chenye maji begani. Maji yakimwagika, nimevuta pumzi kwa mabega wala si kwa tumbo, naanza upya. Nikimaliza kaswida bila tone kudondoka, kikombe kile nakunywa mimi.

Basi nikaimba. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Firoz alikuwa ameinamia mashine yake, Mama amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Katika ya pili, pale Baba alipokuwa akichukua mistari miwili kwa pumzi moja, pumzi ilinikatikia katikati. Nikaiba nyingine haraka, nikaendelea. Ya tatu ilinishinda kabla ya ubeti wa mwisho. Koo lilijifunga, nikakohoa, nikaona chumba kinakuwa cheusi pembeni. Firoz akanyanyua mkono kunisimamisha. Nikamwashiria aache utepe uendelee. Nilimaliza, lakini sijui nilimaliza vipi. Nilikuwa nimeshika kiti.

Nje hapakuwa na sauti hata moja. Baadaye niliambiwa hakuna mwanamke aliyeondoka.

Firoz akarudisha utepe, tukasikiliza. Mara ya kwanza kujisikia, kaka, ni jambo la ajabu. Ilikuwa sauti nyembamba ya mwanamke nisiyemjua. Nikauliza huyu ni nani, Bibi Bilkis akasema kila mtu huuliza hivyo. Kisha nikasikia kitu kingine. Kila baada ya mstari palikuwa na mluzi. Mwembamba, mrefu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Nikafikiri ni mashine. Nikamtazama Firoz, naye akatazama chini.

"Ni wewe," Bibi Bilkis akasema taratibu. "Unavuta pumzi hivyo tangu mwaka jana. Tulifikiri unajua."

Sikuwa najua. Mtu akiimba hasikii pumzi yake, anasikia wimbo. Niliomba aweke tena ile ya kwanza, halafu ya tatu. Katika ya kwanza mluzi ni mfupi. Katika ya tatu ni mrefu karibu sawa na mstari wenyewe.

Firoz alitaka kunisaidia. Alisema anaweza kuzikata pumzi zote kwa wembe na kuuunga utepe kwa gundi, wimbo ubaki mtupu, na Kaka Shaaban hatajua. Nilitaka kusema ndiyo. Nakuungamia, neno lilikuwa mdomoni.

Mama akasema, "Usikate."

Akamtaka Firoz auweke tena utepe, akasikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akaniambia kwamba pumzi hiyo anaijua. Ndivyo alivyopumua dada yake, Mama Mkubwa Kuluthumu, miezi miwili ya mwisho. Wewe ulikuwa shuleni Tabora, nami nilikuwa mdogo. Tuliambiwa ni homa. Haikuwa homa, kaka. Lilikuwa rovu kama langu, na walimkatalia hospitali kwa sababu shangazi zake walisema shingo ya mwanamke haikatwi. Mama ndiye aliyekuwa akimshikilia akae wima.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Daktari akanitaka nilale chali kitandani, nikashindwa kumaliza hata dakika moja. Akanipangia siku. Karani akaleta karatasi ya ridhaa, akauliza ndugu wa kiume yuko wapi. Nikajibu yuko mgodini Rodeshia, naye amekataa. Karani akaweka kalamu chini.

Mama akauliza, "Wino uko wapi?"

Karani akaanza kumweleza taratibu. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu nimemzaa mimi. Na huyo wa mgodini nimemzaa mimi. Wino uko wapi?" Akaletewa, akabonyeza dole gumba. Kaka, alifuta kidole kwa upindo wa kanga yake. Usimlaumu. Kama unalo la kulaumu, nilaumu mimi niliyekuficha ukweli wa usiku wangu, ukaamua mambo bila kuyajua.

Nilipasuliwa Jumatatu tarehe 25 Agosti. Nilikatazwa kusema kwa siku kumi na nne. Walinipa kibao cha shule na chaki. Siku zile zilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Si kwa maumivu, hayo yalipoa. Nilikuwa nimelala chali, natazama dari, hewa inaingia na kutoka bila kelele yoyote, na sijui kama nimebaki na kitu cha kutoa nayo. Usiku wa tatu nilitaka kujaribu neno moja tu chini ya shuka. Nilijizuia kwa kuuma upindo wa shuka.

Siku ya kumi na tano daktari akaniambia nitaje jina langu. Mama alikuwa ameshika mguu wangu. Nikasema, "Swaumu binti Yahaya." Ilitoka nzito, ya mikwaruzo, kama ya mwanamume aliyeamka sasa hivi. Lakini ilitoka. Mama akaketi chini pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa kanga.

Leo ni wiki ya sita. Nasema vizuri, nanunua sokoni, nawagombeza kuku. Sauti ya chini imerudi. Ile ya juu, ya Baba, haikurudi, na daktari haoni kama itarudi. Nimelia kwa hilo, sitakuficha. Nimelia nikiwa nimelala chali.

Sasa nifike kwenye jambo ninalokuomba. Maulidi ya juzi nilikaa nyuma, upande wa waitikiaji, na jirani yangu Mwajabu ndiye aliyeongoza. Kwa wiki tatu alikuwa akienda kwa Bibi Bilkis kusikiliza utepe, hadi akashika zote tatu. Aliimba vizuri, watu wakaridhika. Lakini kwenye kaswida ya pili, pale katikati ya ile mistari miwili, akakata akavuta pumzi. Akakata pale pale nilipokata mimi. Wanawake wote wakamfuata. Amejifunza ugonjwa wangu akidhani ndio wimbo, na wengine wamejifunza kwake.

Kesho yake nilimketisha, nikamwekea mkono tumboni, nikataka kumwonyesha pumzi za Baba zilikuwa wapi. Ya kwanza nilimwonyesha. Ya tatu pia. Katika ya pili nikasita. Nimeiimba miaka miwili nikiwa na rovu, nikihamisha pumzi kidogo kidogo bila kujua, na sasa sina hakika tena. Ile mistari miwili najua ni pumzi moja. Lakini je, Baba alivuta kabla ya jina la Mtume au baada yake? Na katika ubeti wa nne?

Mimi nilikuwa nikiimba naye, macho kwenye kikombe. Wewe ulikuwa unakaa mbele yake na dufu, unamwitikia. Ulikuwa unalazimika kujua anapovuta pumzi, maana hapo ndipo ulipokuwa unaingia. Uliandika kwamba Baba hakukuachia kitu. Nadhani amekuachia hizi.

Firoz anakutumia nakala ya utepe kwa rejista, katika kopo la bati. Hatukukata kitu. Nimeandika maneno ya kaswida ya pili katika karatasi nyingine, nimeacha nafasi kati ya mistari. Sikiliza, chukua penseli, tia alama kila mahali Baba alipovuta pumzi, unirudishie. Hata kama umenikasirikia, tia alama kwanza. Mwajabu anangoja, na mimi nangoja.

Nisalimie sana wifi Batuli na watoto, na rafiki yako Bwana Filipo aliyetuletea mablanketi kutoka kwako. Mama anakupa salamu, anasema ule vizuri na usivue shati jasho likiwa halijakauka. Bibi Bilkis, Firoz na Mwajabu wanakusalimu, na Mzee Vithaldas ananiuliza kila siku kama kaka amekwisha kuupata utepe. Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, akupe riziki ya amani, atukutanishe tukiwa tunatambuana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kwa dhati,

Swaumu binti Yahaya